Vitunguu vyangu vina majani kama mabua, chini hamna kitu. Nakosea wapi?

#1 Mgeni wa Jembe
Wakuu, salaam. Mimi si mkulima, ni fundi friji, naishi Kigamboni, Dar. Nyuma ya nyumba kuna kieneo cha kama mita moja kwa tatu, nikaona badala ya kuwaachia kuku wachakure bure, nipande vitunguu maji. Mbegu nilisia mwezi wa tatu kwenye beseni lililopasuka, miche nikaihamishia kwenye tuta mwezi wa tano. Sasa ni mwezi wa tisa. Majani yamefika gotini, kijani kibichi, kila anayepita anasifia. Jana nimeng'oa kimoja. Chini nimekuta shingo nene kama kidole gumba, mizizi, basi. Tunguu hakuna. Wife ananiuliza kama nilipanda vitunguu au majani ya ng'ombe. Nimekosea wapi, na je, bado kuna matumaini?

#2 Chizi Karanga
Uzi bila picha ni umbea. Ila kwa maelezo hayo umepanda mianzi mkuu, subiri uezekee banda la kuku.

#3 Bi Kitalu
Kabla hatujakuzika: mbegu gani? Jua linapiga hapo kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi? Mbolea gani, na mara ngapi?

#4 Jaruba la Tatu
Mimi nimekulia Ruaha Mbuyuni, vitunguu nimevijua kabla ya kujua kusoma. Kwetu tangu kusia mpaka kung'oa ni kama miezi mitano, wewe uko wa sita, umeshapitiliza. Dawa ni kulaza majani. Tulikuwa tunaviringisha pipa tupu juu ya majaruba, majani yakilala nguvu yote inashuka chini. Fanya hivyo, wiki mbili utakuja kunishukuru.

#5 Bi Kitalu
Shikamoo mzee wa #4, ila hapo naomba nikupinge. Pipa lilikuwa linapita juu ya vitunguu vilivyokwisha kujaa, ili vikauke kwa pamoja. Chake hakijajaa hata robo. Majani ndiyo jiko la mmea, ukiyavunja sasa chakula kitapikwa wapi? Na shingo ikivunjika ikiwa mbichi, uozo unaingilia hapohapo.

#6 Jaruba la Tatu
Marahaba. Pipa nimelisukuma kwa mikono yangu, mwanangu. Lakini ni kweli yalikuwa yameanza kulala yenyewe, zaidi ya nusu ya jaruba. Hilo nakupa.

#7 Mgeni wa Jembe
Bi Kitalu, majibu haya hapa. Jua: kuna mwembe wa jirani, mpaka saa nne asubuhi ni kivuli, halafu jua kali mpaka saa tisa, ukuta unaliziba. Mbolea: ya kuku, ninao arobaini. Naloweka kwenye ndoo, kila Jumamosi namwagia. Mbegu sikununua, nililetewa na shemeji.

#8 Chizi Karanga
Kila Jumamosi! Ndugu yangu, hata mimi ukinilisha hivyo nitaota majani.

#9 Bi Kitalu
Basi mimi kesi nimeifunga. Mbolea ya kuku ina naitrojeni nyingi kuliko samadi ya ng'ombe, na naitrojeni ndiyo inayoleta majani. Kitunguu unakikuzia, yaani unakiongezea mbolea, mwanzoni, ndani ya wiki sita hivi tangu kuhamisha, mara moja au mbili. Baada ya hapo unakiacha kijitegemee. Ukiendelea kukimiminia, kinajua bado ni msimu wa kukua, kitajaza kwa haraka gani? Kinabaki na shingo nene isiyokauka, na hata kikijaza hakitunziki, kinaoza stoo.

Msimu ujao weka samadi iliyooza vizuri wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, uichanganye na udongo, halafu ile ndoo ya Jumamosi peleka kwenye mchicha.

#10 Mkaa Pwani
Bi Kitalu, usifunge kesi mapema, sie watu wa mwambao hatujasema. Mgeni, hapo Kigamboni unamwagia maji ya bomba au ya kisima?

#11 Mgeni wa Jembe
Kisima. Maji yenyewe sabuni haitoi povu.

#12 Mkaa Pwani
Haya sasa. Mimi niko Bububu, Unguja, mwaka wa kwanza nilimwagia maji ya kisima vitunguu vikakaa kama vimerogwa. Juu ya tuta ukitazama asubuhi, udongo una weupe kama umenyunyiziwa unga. Ile ni chumvi. Mwaka wa pili nikaweka pipa chini ya mchirizi wa paa, nikawa natumia maji ya mvua. Vikatoka vidogo, kama limau, lakini vikatoka.

#13 Daftari
Nyongeza kwa #12: kitunguu ni katika mboga zisizovumilia chumvi kabisa. Mnazi utakaa, spinachi itavumilia, kitunguu hapana. Lakini hoja ina tatizo moja. Chumvi ikizidi, mmea hudumaa na ncha za majani huungua, zinakuwa kahawia. Mwenye uzi anasema majani yako gotini na yanang'aa. Mgeni, ncha zikoje?

#14 Mgeni wa Jembe
Nimetoka nje na tochi kuangalia. Ncha chache zimekauka, kama sentimita mbili. Na kuna vidoa vyeupe vyeupe kama fedha kwenye majani. Hiyo ni chumvi?

#15 Bi Kitalu
Hivyo ni vithiripi. Panua majani pale yanapokutana katikati, utaona vidudu vyembamba vya njano, vidogo kuliko punje ya ufuta, vinakimbia. Vinakwangua jani na kunyonya maji yake. Kiangazi ndiyo sikukuu yao. Kwa tuta dogo usikimbilie sumu, vipige maji kwa nguvu pale kwenye kikwapa cha jani, au maji ya sabuni kidogo jioni. Mwarobaini uliotwangwa na kulowekwa pia unasaidia, ila urudie kila baada ya siku chache.

#16 Mkaa Pwani
@Daftari, na sentimita mbili zilizokauka je? Umeziruka kimyakimya kama deni.

#17 Daftari
Sijaruka. Ncha kukauka kunaweza kuwa chumvi, kiu, vithiripi, au umri tu wa jani. Njia ya kujua ni rahisi: nusu ya tuta maji ya kisima, nusu maji ya mvua au ya bomba, msimu mzima. Mengine ni ramli.

#18 Karai ya Kieni
Habari zenu majirani. Mimi niko Kieni, Nyeri, upande mkavu wa Mlima Kenya, na vitunguu ndio tunalima. Naona wote mnauliza mbolea na maji, hakuna aliyeuliza miche iliingizwa kwa udongo kina gani. Boss, ulizika vipi? Na nafasi kati ya mche na mche?

#19 Mgeni wa Jembe
Niliizika vizuri isianguke, kama kidole kizima. Halafu nimekuwa napandishia udongo kila baada ya wiki tatu, kama viazi. Nafasi ni vidole viwili, nilitaka viingie vingi.

#20 Chizi Karanga
Kila akijibu swali moja anakiri kosa lingine. Huyu asipelekwe polisi, atataja mpaka ya ukoo.

#21 Karai ya Kieni
😂 Hapo kwa viazi umenimaliza. Kitunguu si kiazi, ndugu. Kiazi kinataka giza, kitunguu kinakaa juu ya udongo, mabega nje, mizizi tu ndio iko chini. Ukikifukia kinarefuka shingo kutafuta mwanga, na udongo unakibana kisipanuke.

Mimi hufanya hivi. Mche ukifika unene wa penseli, kama wiki sita hadi nane, namwagia kitalu maji jioni ndiyo asubuhi usikatike mizizi. Natoboa shimo kwa kijiti, mche unaingia kama sentimita mbili au tatu tu, ile sehemu nyeupe ya chini. Nabana udongo kwa vidole viwili kando yake. Halafu navuta jani moja polepole: mche ukitoka haukushika, jani likikatika ndio mche umeshika. Siku mbili tatu za kwanza utalala kama mlevi, usiogope, utaamka. Nafasi ni sentimita 10 mche na mche, 15 mstari na mstari.

#22 Daftari
Kwa vipimo vya #21, tuta lake la mita 1 kwa 3 linabeba miche 200. Kila kimoja kikifika gramu 100 ni kilo 20. Mgeni, wewe una mingapi?

#23 Mgeni wa Jembe
Sikuhesabu. Mia sita inafika.

#24 Bi Kitalu
Mia sita! Mwanangu, hicho ni kitalu, hujahamisha bado.

#25 Ukungu wa Makete
Kwetu tatizo ni jingine kabisa. Huku Makete mwezi wa sita na wa saba baridi inang'ata, miche iliyokwisha nenepa inatoa fimbo katikati na ua kichwani kama manyoya ya jogoo. Kikishatoa fimbo, katikati kinakuwa na mti, hakijai vizuri wala hakikai stoo. Wazee wanasema ni mbegu mbaya, bwana shamba anasema baridi ikikikuta mche ukiwa mkubwa, unadhani umeshavuka mwaka. Sisi sasa tunachelewesha kusia ili baridi ikute miche bado midogo. Mgeni, shukuru hujaona fimbo.

#26 Mama Dagaa
Mnasumbuka na mbegu za nini? Mimi nikipika nakata kile kitako chenye mizizi, nachomeka kwenye ndoo dirishani. Wiki moja majani hayo. Niliona kwenye video, wanasema kitatoa kitunguu kizima kipya.

#27 Bi Kitalu
Majani utakula, mama, tena matamu kwenye mayai. Kitunguu kizima sahau. Kitunguu mwaka wa kwanza kinaweka akiba, wa pili kinatoa ua. Kile cha jikoni kimeshamaliza zamu yake ya kwanza, kwa hiyo ukikipanda kinachokuja ni ua, au kinapasuka viwili vitatu vidogo vilivyobanana. Kwenye video wanakata kipande cha katikati halafu wanaleta kikubwa cha sokoni.

#28 Mama Dagaa
Kwa hiyo nimemwagilia ndoo miezi mitatu kwa ajili ya mayai. Sawa, Mungu anaona.

#29 Daftari
Turudi. Komenti #7 mwenye uzi alisema mbegu aliletewa na shemeji, na sote tukapita kama hatujasikia. Shemeji yuko wapi?

#30 Mgeni wa Jembe
Uingereza. Alikuja likizo ya Desemba akaniletea pakiti. Imeandikwa Ailsa Craig, ina picha ya kitunguu kikubwa kama kichwa cha mtoto. Ndicho kilichonitia tamaa.

#31 Ughaibuni Baridi
Nilikuwa nasoma tu kimya, ila hapa imebidi niingie. Mimi niko Birmingham mwaka wa tisa huu, hiyo Ailsa Craig nimeipanda, ni ya huku haswa. Kaka, hata ungetumia maji ya Zamzam isingejaza hapo Kigamboni.

Kitunguu hakihesabu miezi, kinahesabu urefu wa mchana. Kila aina ina kiwango chake cha saa za mwanga, ukifika ndipo inaacha kutoa majani na kuanza kujaza chini. Huku mwezi wa sita mchana unazidi saa 16, saa nne usiku bado kuna mwanga wa kuokotea sindano. Ailsa Craig inasubiri mchana mrefu kama huo, kama saa 14 hivi kwenda juu. Dar mchana mrefu kabisa, Desemba, ni kama saa 12 na nusu, na mfupi kabisa, Juni, ni saa 11 na dakika 45 hivi. Kitunguu chako kinasubiri basi ambalo halipiti njia hiyo.

#32 Chizi Karanga
Maskini, kimesimama kituoni miezi sita kimevaa suti ya kijani.

#33 Jaruba la Tatu
Nilijua tu. Mbegu za nje hizi ni balaa, turudi kwenye za kwetu. Bombay, Red Creole, Texas, mbegu za baba zetu.

#34 Daftari
Mzee wangu, hizo za baba zetu majina yake yanajisema. Bombay ni mji wa India, siku hizi Mumbai. Texas iko Marekani. Red Creole asili yake Louisiana, Marekani hukohuko. Suala si nje au ndani, ni zile za mchana mfupi, zinazojaza mchana ukiwa saa 11 mpaka 12 hivi. Ndiyo maana zimetukubali.

#35 Jaruba la Tatu
Texas ni ya Ruaha. Marekani waliazima jina.

#36 Bi Kitalu
Sawa, hoja ya saa za mchana naikubali kwa asilimia kubwa. Lakini msimsafishe mtu wa ndoo ya Jumamosi. Mimi niko Morogoro, jirani yangu alipanda Red Bombay ya dukani, pakiti nimeiona kwa macho yangu, akaikuzia kwa mbolea mpaka ikatimiza miezi minne. Shingo zikawa hivihivi, nene, kijani, tunguu kama gololi. Mbegu ilikuwa sahihi. Kwa hiyo dalili hiyohiyo inaweza kuwa na baba wawili.

#37 Karai ya Kieni
Watatu. Na kufukia.

#38 Mkaa Pwani
Wanne. Mmesahau chumvi, kwa vile hakuna anayetaka kununua pipa.

#39 Ukungu wa Makete
Na kivuli cha mwembe je? Jua saa tano tu kwa siku. Kitunguu kinataka sita kwenda juu, tena la moja kwa moja.

#40 Chizi Karanga
Baba watano. Wife akijua mtoto ana baba watano mtaa hautalala.

#41 Mama Dagaa
Mimi nauliza jingine, samahani kwa kutoka nje ya mada. Kitunguu cha Singida na cha Mang'ola kipi kinakaa zaidi stoo? Maana niliponunua mara ya mwisho nusu kilioza.

#42 Jaruba la Tatu
Umekiacha cha Ruaha makusudi?

#43 Bi Kitalu
Kukaa stoo kunategemea kilivyovunwa kuliko mahali. Ukiacha kumwagilia wiki mbili au tatu kabla ya kung'oa, ukakikausha mahali penye hewa na kivuli mpaka shingo ifunge na ganda lilie ukiligusa, kitakaa. Kikining'inizwa au kikitandazwa kwenye chanja ni bora kuliko kwenye mfuko wa plastiki. Kwa aina, Red Creole hukaa kuliko Texas, ile Texas ina maji mengi, tamu, ila haina subira.

#44 Karai ya Kieni
Ya Mang'ola naijua sana, ndio tunakula Nairobi. Yetu ikiisha sokoni, lori zenu zinapita Namanga. Kwa hivyo Mgeni kazana, tunakutegemea kilo zako 20.

#45 Mama Dagaa
Halafu kuna lumbesa. Mkulima anashonewa gunia lina kilemba juu kama bwana harusi, analipwa gunia moja. Wakala wa Vipimo wanakamata kila mwaka, na kila mwaka kilemba kinarudi.

#46 Jaruba la Tatu
Usiniguse hapo. Marehemu baba alikuwa anahesabu debe alizojaza, anahesabu na alizolipwa, halafu anakaa kimya mpaka usiku. Kilemba kilikuwa kinabeba debe mbili nzima.

#47 Daftari
Poleni. Lumbesa ifunguliwe uzi wake, nitakuja. Mgeni, umefikia wapi?

#48 Mgeni wa Jembe
Nipo. Nimesoma yote mara mbili. Leo nimeng'oa tuta zima, majani wife amekaangia dagaa, na nakiri yalikuwa matamu. Ila kuna kituko. Pembeni kabisa, karibu na karo la nje, nimekuta kimoja kimejaza. Chekundu, kikubwa kama yai la kuku, kimegawanyika viwili, vimebanana kama mapacha. Mbegu ileile, maji yaleyale, kinyesi kilekile. Sasa saa za mchana zimekwendaje hapo?

#49 Mkaa Pwani
Karibu na karo! Pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika. Vyombo mnaoshea maji gani?

#50 Mgeni wa Jembe
Ya bomba. Ya kisima hayatoi povu.

#51 Mkaa Pwani
Sina la kuongeza.

#52 Karai ya Kieni
Hapo pembeni ulifikia kupandishia udongo?

#53 Mgeni wa Jembe
Hapana, jembe lilikuwa linagonga saruji. Na kivuli cha mwembe hakifiki. Na ndoo ya Jumamosi nadhani ilikuwa inaishia kabla ya pale.

#54 Chizi Karanga
Mmeona? Kila mtu ameshinda. Tufunge uzi tugawane kombe.

#55 Ughaibuni Baridi
Subirini. Ailsa Craig ganda lake ni la njano ya majani makavu. Umesema chekundu?

#56 Mama Dagaa
Na kimegawanyika viwili. Mgeni, muulize wife kama hakuchomeka kitako cha jikoni pale karoni. Mimi ndivyo changu kilivyotoka.

#57 Mgeni wa Jembe
Nimemuuliza. Anacheka, hajibu.

#58 Bi Kitalu
Wakati anacheka wewe nenda duka la pembejeo. Red Bombay au Red Creole, pakiti ndogo ya gramu 50 inakutosha na utagawia na majirani. Angalia lebo ya TOSCI, wale wakaguzi wa ubora wa mbegu, na tarehe, mbegu ya kitunguu haina maisha marefu, ikikaa mwaka kwenye joto kubwa haioti. Sia kwenye mistari, kina cha sentimita moja, funika na nyasi kavu, zikianza kuchomoza kama siku ya saba au ya kumi uziondoe. Maji asubuhi, si usiku, miche isioze shingo.

#59 Daftari
Na nusu ya tuta maji ya bomba, nusu ya kisima. Tafadhali. Vinginevyo tutarudi hapa mwakani kubishana upya.

#60 Mgeni wa Jembe
Asanteni wakuu. Nimesia Red Creole jioni hii, mistari mitano. Wakati namwagia nimekuta mtu ameshachomeka vitako vinne karibu na karo. Shemeji naye amepiga simu, anauliza kama vile vitunguu vikubwa vimetoka, na Desemba aniletee pakiti ngapi.

#61 Chizi Karanga
Mwambie alete na jua la huko.